Vina, Mizani na Pigo la Jembe: Historia ya Uchambuzi wa Ushairi kutoka Pwani hadi Songwa

Kuchambua umbo la shairi ni kupima sauti zake na kueleza jinsi zinavyobeba maana. Mchambuzi huhesabu mizani ya kila mshororo, hutambua vina vya kati na vya mwisho, huangalia mpangilio wa beti, kisha huonyesha namna tamathali za semi na uteuzi wa maneno unavyosukana na hesabu hiyo. Katika Kiswahili elimu hii huitwa arudhi, na historia yake imejengwa na vipimo viwili vilivyokutana. Kimoja ni cha pwani, kinachohesabu silabi. Kingine ni cha bara, kinachofuata ngoma, hatua ya mchezaji na pigo la jembe.

Songwa, kata ya Wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga, jirani na machimbo ya almasi ya Mwadui, imo katika eneo ambamo vipimo vyote viwili husikika. Darasani wanafunzi huhesabu mizani ya tarbia kwa vidole. Nje ya darasa, nyimbo za Kisukuma hazilazimiki kuwa na kina hata kimoja, na bado zina utaratibu ambao mwimbaji akiukosea hadhira humjua mara moja. Anayetaka kuelewa mjadala mrefu wa ushairi wa Kiswahili hana budi kuvifahamu vyote viwili.

Chimbuko la hesabu ya pwani

Neno arudhi lina asili ya Kiarabu. Elimu hiyo iliasisiwa Basra katika karne ya 8 na al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, mtaalamu ambaye nasaba yake inarudi kwa Waazdi wa Oman. Alisikiliza mashairi ya Waarabu, akayapanga katika bahari 15, na baadaye wanafunzi wa elimu hiyo wakaongeza ya 16. Kipimo chake kilitegemea silabi ndefu na fupi: mpangilio wa urefu na ufupi ndio uliotofautisha bahari moja na nyingine.

Washairi wa pwani ya Afrika Mashariki walipokea istilahi nyingi kutoka elimu hiyo, zikiwemo bahari, beti, tarbia na takhmisa. Kipimo chenyewe kilibadilika kilipoingia katika Kiswahili, kwa sababu lugha ilikuwa na maumbile yake. Kiswahili kina irabu tano, mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na silabi za maneno yake ya asili, isipokuwa nazali zinazosimama peke yake, huishia na irabu. Lugha ya namna hiyo haina haja ya kupima urefu wa silabi. Washairi wakachagua kuhesabu idadi, na hesabu hiyo ndiyo mizani.

Kina nacho kilipata sura ya Kiswahili. Kwa kuwa karibu kila silabi huishia na irabu, irabu pekee isingetosha kuonyesha ufundi, maana irabu tano zingejirudia hata kwa bahati. Kwa hiyo kina cha Kiswahili hudai silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake: «ka» kwa «ka», «mba» kwa «mba». Silabi hiyo ya mwisho haina mkazo, kwani mkazo umekwisha kuangukia iliyoitangulia. Matokeo yake ni kina laini, kinachosikika kama mwangwi baada ya sauti kuu kupita.

Kutokana na misingi hiyo zilizaliwa bahari nyingi, kila moja na kazi yake. Utenzi, au utendi kwa lahaja za kaskazini, hutumia mishororo mifupi minne, kwa kawaida ya mizani nane kila mmoja. Mitatu ya kwanza huwa na kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Umbo hilo lilifaa masimulizi marefu, kwa sababu kina cha nne humrudisha msikilizaji palepale hata hadithi ikienda mbali. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani na unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, ni miongoni mwa kazi kongwe zilizobaki kwa maandishi. Ukawafi ulitumia mishororo mirefu yenye vipande vitatu, ukafaa kaswida na mawaidha. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa Pate pia, ilipimwa kwa mishororo ya mizani kumi, ikitafakari magofu ya utajiri uliopita.

Mombasa ndiko lilikokomaa shairi la mishororo minne ya mizani 16, yaani tarbia. Muyaka bin Haji, aliyeishi takribani kati ya 1776 na 1840, alilitumia kuzungumzia siasa za Wamazrui waliotawala mji huo, vita, mapenzi, bei za vitu na ugomvi wa mtaani. Mshororo wake hugawanyika vipande viwili vya mizani nane. Cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao, na kila kimoja huwa na kina chake. Mshororo wa mwisho wa ubeti huitwa kituo, kiishio au kimalizio. Ukirudiwa vilevile katika kila ubeti, huitwa kibwagizo. Mtungo wa aina hii ndio ulioenea zaidi bara, kiasi kwamba wasomaji wengi waliuchukua kuwa ndio ushairi wote wa Kiswahili.

Kipimo cha Usukumani

Wakati pwani ilipohesabu mizani, Usukuma ulikuwa na utunzi wake. Wasanii wake hujulikana kama baningi, na kwa Kiswahili cha eneo hilo manju. Walitunga kwa ajili ya mashindano ya ngoma ambayo hufanyika hasa baada ya mavuno, nguvu zinapopumzika na chakula kikiwepo. Mapokeo yanazitaja jamii mbili kuu za ngoma, Bagika na Bagalu, zilizoanzishwa na Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja uwanjani, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Katika mashindano ya namna hiyo utunzi ni silaha. Manju humsifu kiongozi wake, humkejeli mpinzani, hutaja majina ya watu na vijiji, na hutumia mafumbo ambayo wenyeji peke yao huyafumbua.

Lugha yenyewe iliamua sura ya nyimbo hizo. Kisukuma kina irabu saba, hutofautisha irabu fupi na ndefu, na hutumia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana ya neno. Mtunzi wa Kisukuma hawezi kupanga sauti ya wimbo bila kuzingatia toni za maneno, maana muziki ukienda kinyume nazo neno linaweza kupotea. Kina cha mwisho hakina kazi kubwa hapo. Kinachobeba utaratibu ni mambo matatu: mapigo ya ngoma au jembe, zamu ya kiongozi na waitikiaji, na kurudiarudia kwa muundo wa sentensi.

Nyimbo za kazi zinaonyesha kipimo hicho waziwazi. Usukumani vijana walikuwa na vyama vya kulima kwa zamu, chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Walipanga mstari shambani, ngoma ikapigwa, majembe yakapanda na kushuka pamoja. Ngoma ya bugobogobo, maarufu kwa wachezaji wanaorusha na kudaka majembe, ilitokana na utamaduni huo wa kilimo. Katika wimbo wa jembe, kipimo ni muda kati ya pigo na pigo. Ndani ya muda huo mwimbaji anaweza kuweka silabi tatu zilizovutwa au saba zilizobanwa, na wimbo usiharibike, mradi jembe likishuka neno zito liwe limefika mahali pake. Mtaalamu wa muziki Frank Gunderson alizikusanya na kuzichambua nyimbo nyingi za aina hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma. Kabla yake, Elias Songoyi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwisha kuwatafiti Kalikali na Mwinamila, waimbaji wawili wa magharibi mwa Tanzania, akionyesha jinsi sanaa yao ilivyohusiana na dola.

Reli, gazeti na shule

Vipimo hivi viwili havikukutana ghafla. Misafara ya karne ya 19, iliyobebwa kwa kiasi kikubwa na wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma, ilikwisha kukifikisha Kiswahili katika njia za bara, na wapagazi walikuwa na nyimbo zao za mwendo. Ukoloni uliongeza shule, ofisi na magazeti. Reli ya kutoka Tabora ilipita Shinyanga na kufika Mwanza mwaka 1928, ikabeba pamba kwenda pwani na karatasi kuja bara.

Miongoni mwa karatasi hizo lilikuwemo gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923. Gazeti hilo lilichapisha mashairi ya wasomaji kutoka kila upande wa nchi, na hivyo likawa darasa la arudhi lisilo na mwalimu. Karani wa bomani au mwalimu wa shule ya msingi aliyezaliwa mbali na bahari aliweza kusoma tarbia za wenzake, akahesabu mizani yao, akatunga yake na kuipeleka. Makosa yalijibiwa kwa mashairi mengine. Kwa njia hiyo mizani ya Mombasa ikawa mali ya watu ambao lugha ya mama yao haikuwa Kiswahili.

Siasa za kudai uhuru zililitumia shairi vilevile. Saadani Kandoro, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mmoja wa waandaaji wa vyama vya siasa vya TAA na baadaye TANU katika Jimbo la Ziwa miaka ya 1950, wakati wakulima wa pamba wa Usukumani walipokuwa wakijenga ushirika wao na kupambana na amri za kilimo za wakoloni. Shairi lake kuhusu siafu na nyoka ni mfano wa kufundishia jazanda: wadudu wadogo walioungana wanamkabili mnyama mkubwa, na msomaji wa wakati ule hakuhitaji kuambiwa siafu ni nani. Shairi hilo lingesemwa kwa maneno ya wazi, lingekuwa hotuba. Kwa jazanda lilipita mdomo kwa mdomo.

Sheria zaandikwa

Kwa muda mrefu kanuni za utunzi zilirithiwa kwa kusikia. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alizitoa kwa maandishi katika kitabu kilichounganisha sheria za kutunga mashairi na diwani yake mwenyewe. Mwandishi huyu alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora, akawa mubaligh, yaani mhubiri, wa jumuiya ya Kiislamu ya Ahmadiyya, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, kabla ya kufariki mwaka 1964. Kwake, utungo usio na vina na mizani haukustahili jina la shairi. Msimamo huo ulikuwa na nguvu kwa sababu ulikuwa wa kwanza kuelezwa kwa utaratibu, mfano kwa mfano, katika kitabu ambacho mwalimu angeweza kukishika mkononi. Inafaa kukumbukwa kwamba aliyeziandika sheria za pwani alikuwa mtu wa bara.

Mwaka 1959 kilianzishwa Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, UKUTA, kilichowakusanya watunzi waliozitetea kanuni hizo. Mathias Mnyampala, mwenyeji wa Ugogo, alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Rais Julius Nyerere aliwaomba washairi wasaidie kulieneza, na Mnyampala akaitikia kwa ngonjera: mashairi ya majibizano ambamo mhusika mmoja huuliza au hupinga na mwingine hujibu, mpaka wafikie muafaka. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na Ngonjera za UKUTA zilitoka katika miaka iliyofuata. Ngonjera zilikaririwa shuleni na katika sherehe za kitaifa, na kwa watoto wengi wa vijijini hapo ndipo walipokutana na mizani kwa mara ya kwanza.

Katika hatua hii uchambuzi ulikuwa na kazi moja kubwa, yaani kukagua. Mchambuzi aliuliza iwapo mizani imetimia na vina vimelingana. Palipopungua, utungo uliitwa guni. Swali la kwa nini mtunzi alichagua kina hiki na si kile halikuulizwa sana.

Mgogoro wa miaka ya 1970

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kufundisha fasihi ya Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1960, Farouk Topan akiwa miongoni mwa waanzilishi, uchambuzi ulipata maswali mapya. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944, alitoa Kichomi mwaka 1974, diwani iliyokuwa na mashairi yasiyofuata vina wala mizani ya kimapokeo. Aliutetea mtindo huo katika utangulizi wake. Kwake lugha ya kawaida ya watu, ikipangwa kwa mdundo na picha, ilitosha kuwa ushairi.

Upinzani ulikuwa mkali. Watetezi wa mapokeo walisema mashairi hayo ni maigizo ya Ulaya na ni kimbilio la walioshindwa kuhesabu. Jumanne Mayoka aliuandikia mgogoro huo kitabu kizima katika miaka ya 1980. Watetezi wa mabadiliko nao walijibu kwamba vina na mizani vyenyewe vimetoka Uarabuni, na kwamba tungo za Kibantu hazikuwa na masharti hayo. Kila upande ulimwona mwenzake kuwa ndiye aliyeazima.

Hapa ndipo ukanda wa Shinyanga na Geita ulipotoa mchango wake. Kulikoyela Kahigi, mwanaisimu aliyeichunguza lugha ya Kisumbwa na ambaye mwaka 2010 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Bukombe katika ukanda huo, alishirikiana na Mugyabuso Mulokozi, mtafiti wa tendi za Wahaya, kutoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Jina la diwani hiyo lilitangaza msimamo: bara nako kuna malenga, yaani washairi mahiri. Mwishoni mwa muongo huo walifuatisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, kitabu kilichotoa fasili pana ya ushairi. Waliutambulisha kwa mpangilio maalumu wa maneno, ufupi wa lugha, picha, na mahadhi yenye wizani, yaani mapigo ya sauti yenye utaratibu. Vina na mizani wakaviweka kuwa njia mojawapo ya kuufikia wizani huo.

Fasili hiyo haikuokotwa hewani. Watafiti waliokulia katikati ya tungo zisizo na vina walijua kwa masikio yao kwamba utaratibu wa sauti una milango mingi. Mtu aliyezoea kusikia ngoma ikimwongoza mwimbaji hawezi kukubali kwamba wimbo huo hauna kipimo kwa sababu tu silabi zake hazilingani.

Upande wa pwani nao ulirekebisha hoja. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu ya mwaka 1988, alionyesha kwamba shairi ni bahari moja tu kati ya nyingi za Waswahili, na kwamba kila bahari ina kanuni zake. Mwaka huohuo F. E. M. K. Senkoro alichapisha kitabu chake cha nadharia na tahakiki ya ushairi, akiunganisha umbo na hali ya jamii. Wakati huo Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973 kutokana na mashairi aliyoyatunga gerezani nchini Kenya, ilikwisha kuthibitisha kwamba bahari za kimapokeo zinaweza kubeba siasa nzito bila kulegea hata mizani moja. Mgogoro haukumpata mshindi, lakini uliacha faida: uchambuzi uliacha kuwa ukaguzi na ukawa ufafanuzi.

Ubeti mmoja wapimwa

Ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya mfano, kwa umbo la tarbia:

Wingu limevaa pamba, masika Songwa yafika,
Jembe linaimba shamba, na mgongo umechoka,
Ngoma haifungwi kamba, sautiye yasikika,
Mkulima ndiye simba, njaa kwake yatoroka.

Uchambuzi huanza na hesabu. Kipande cha kwanza ni wi-ngu-li-me-va-a-pa-mba, mizani nane. Cha pili ni ma-si-ka-so-ngwa-ya-fi-ka, mizani nane. Mishororo mingine hufuata hivyohivyo. Nazali huhitaji uangalifu. Katika «mgongo» na «mkulima», «m» ni silabi kamili, hivyo «mgongo» una mizani tatu na «mkulima» nne. Katika «ngoma», «jembe» na «njaa», nazali huungana na konsonanti inayofuata, na kila neno lina mizani mbili. Hata hivyo neno kama «nchi» huhesabiwa mizani mbili, kwa kuwa nazali yake hubeba mkazo. Wanafunzi wengi hupoteza hesabu hapo.

Hatua ya pili ni vina. Kina cha kati ni «mba», na cha mwisho ni «ka», katika mishororo yote minne. Beti zinazofuata zikishika vina hivyohivyo, bahari huitwa mtiririko. Vikibadilika ubeti hadi ubeti, huitwa ukaraguni. Kikibaki kimoja na kingine kubadilika, huitwa ukara.

Hatua ya tatu ni uhuru wa mshairi. «Sautiye» imetoka «sauti yake». Isingefupishwa, kipande kingekuwa na mizani tisa. Ufupisho huo huitwa inkisari. «Shamba» limesimama mahali pa «shambani», kwa sababu neno kamili lingezidisha mizani na kukivunja kina. Kinyume cha inkisari ni mazida, yaani kurefusha neno ili mizani itimie. Tabdila nayo hubadili sauti ya neno bila kugusa idadi. Mchambuzi mzuri huuliza uhuru huo umelipa nini. Hapa, kuondolewa kwa «ni» kunalifanya shamba liwe kitu kinachoimbwa, pamoja na kuwa mahali pa kuimbia, na maana inaongezeka.

Hatua ya nne ni tamathali. Wingu lililovaa pamba, jembe linaloimba na njaa inayotoroka ni tashihisi, yaani vitu visivyo watu vimepewa matendo ya watu. «Mkulima ndiye simba» ni sitiari, kwa sababu mkulima ametajwa kuwa simba moja kwa moja. Kungekuwa na «kama», ingekuwa tashbihi. Pamba ya wingu ina uzito wa pekee katika ukanda huu, ambako pamba ni zao la biashara la vizazi kadhaa. Wingu limevaa kile ambacho mvua yake italeta.

Hatua ya mwisho huunganisha yote. Sauti «mba» inarudi katika pamba, shamba, kamba na simba, na mara moja zaidi ndani ya «linaimba». Ni sauti nzito ya midomo inayofungwa na kufunguka, na inaangukia mahali palepale pa kila mshororo, kama jembe. Sauti «ka» ni kavu na nyepesi. Inafunga mambo yanayofika, kuchoka, kusikika na kutoroka, na vitenzi hivyo vinne peke yake vinasimulia msimu mzima. Hapo vina vimefanya kazi ya maana.

Wimbo wa jembe wapimwa

Wimbo wa Kisukuma ukiletwa mezani kwa kanuni za tarbia, utaonekana guni tangu mwanzo. Njia yake ya kupimwa ni nyingine. Kwanza hutafutwa pigo: ngoma au jembe linashuka wapi, na silabi gani inakutana nalo. Pili huangaliwa zamu: kiongozi anatoa kauli ya urefu gani, na kiitikio kinajirudia au kinabadilika. Tatu huchunguzwa takriri ya muundo, ambapo sentensi ya pili hurudia umbo la kwanza ikibadili jina moja tu, labda la mtu, labda la kijiji. Nne husikilizwa toni, kujua iwapo sauti ya wimbo inafuata maneno au inayapinda. Mwisho hutajwa mbinu za lugha: majigambo, majina ya sifa, mafumbo, tanakali za sauti na balagha.

Uchambuzi wa namna hii haufai kufanywa kwa karatasi peke yake. Maandishi huhifadhi maneno, ilhali kipimo cha wimbo kimo mwilini mwa anayelima na kucheza. Ndiyo maana kurekodi nyimbo pamoja na ngoma zake, kazi ambayo makumbusho ya Bujora huko Kisesa yamekuwa mlinzi wake tangu miaka ya 1950 alipoianzisha Padri David Clement, ni sehemu ya elimu ya arudhi sawa na kuchapisha diwani.

Arudhi katika kizazi cha sasa

Wanafunzi wa sekondari Tanzania wamefundishwa uhakiki wa ushairi kupitia diwani kama Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib, Malenga Wapya na Mashairi ya Chekacheka ya Theobald Mvungi. Wa kidato cha tano na sita wamesoma Kimbunga ya Haji Gora Haji, Fungate ya Uhuru na Chungu Tamu. Mitihani huuliza fani na maudhui, na hatari inayoendelea ni mwanafunzi kutaja tamathali kwa orodha bila kueleza kazi yake katika shairi.

Nje ya shule, sikio la vina liko hai. Muziki wa kufokafoka umekirudisha kina katika mazungumzo ya vijana, na Fid Q, msanii wa Mwanza, aliipa albamu yake jina la Vina Mwanzo, Kati na Mwisho. Wasanii wa aina hiyo hupima mistari kwa mapigo ya ala, kama wanavyofanya waimbaji wa majembe, na wakati huohuo hutafuta vina vya silabi nzima kama walivyofanya malenga wa Mombasa. Vipimo viwili vilivyogombana vitabuni vimekutana katika mstari mmoja.

Historia hii ina hukumu moja iliyo wazi. Kila utungo una kipimo kilichouzaa, na mchambuzi anapaswa kukitambua kabla hajauhukumu. Tarbia ihesabiwe mizani bila huruma, maana mtunzi wake ameahidi hesabu. Shairi huru litafutiwe wizani na picha zake. Wimbo wa Usukumani usikilizwe pamoja na ngoma yake. Walimu wa Shinyanga na Geita wana nafasi ambayo wengi hawana: wanaweza kufundisha vyote hivi kwa mifano iliyo hai karibu na madarasa yao, na wanafunzi wao wakatoka wakijua kuhesabu na wakijua kusikia.